Matobolwa, dona na kiporo: ale wanga gani anayetaka kupungua?

Wifi yangu anakaa Ipuli, hapa hapa Tabora mjini. Mwaka jana aliambiwa kliniki kwamba presha yake imepanda na mwili unapaswa kupungua, naye akaacha ugali siku hiyo hiyo. Wali akauacha pia. Wiki ya kwanza ilipokwisha alipanda kwenye mizani akakuta kilo mbili hazipo, akanipigia simu kwa furaha. Miezi mitatu baadaye alikuja kwangu mnyonge. Kilo zile mbili zilikuwa zimerudi, na nusu kilo ya ziada juu yake. "Wifi," akaniambia, "mimi hata maji yananinenepesha."

Nilimwomba anisimulie siku yake nzima tangu anapoamka, pamoja na vile vinavyoliwa mtu akiwa amesimama. Asubuhi chai. Mchana dagaa na matembele, bila ugali. Usiku mlenda na kipande cha samaki, bila ugali. Kisha akaendelea: saa nne asubuhi, akiwa dukani kwake, bakuli la matobolwa na karanga za kukaanga. Saa kumi alasiri bakuli jingine. Hakuwa anaficha. Kwake vile havikuwa chakula, vilikuwa vitu vya kutafuna mdomo usikae bure, tena vya asili, vilivyotoka shambani kwa mama yake kule Sikonge.

Msomaji wa mbali huenda havijui. Huku Unyamwezini, na kwa jirani zetu Wasukuma, viazi vitamu vikivunwa kwa wingi hukaushwa ili vikae muda mrefu ghalani. Vikikatwa vibichi na kuanikwa ni michembe. Vikichemshwa kwanza, vikakatwa vipande, ndipo vikaanikwa, ni matobolwa. Michembe lazima ipikwe. Matobolwa unaweza kuyatafuna makavu, na hapo ndipo kisa cha wifi kilipoanzia.

Kiangazi kilipofika tulijaribu jambo dogo. Tulipima kilo moja ya viazi vilivyochemshwa na kumenywa kwenye mizani ya dukani kwake, tukavikata, tukavitandaza kwenye ungo juu ya paa la jiko. Siku ya sita vilikuwa vimekunjamana, rangi imegeuka kama asali ya zamani, na ukitikisa ungo vinagongana kama kokoto. Mizani ikasoma gramu 290. Zile gramu 710 zilizoondoka ni maji. Wanga umebaki wote ndani, na sukari ya kiazi imebaki. Kilo ya viazi vitamu vya kuchemsha ina kalori 800 hadi 900 hivi, na ni wachache wanaoweza kuimaliza kwa kikao kimoja. Zile gramu 290 zina kalori karibu zile zile, na wifi alikuwa akizimaliza kila siku katika mabakuli yake mawili bila kusikia kwamba ameshiba. Ukitaka kuona ukubwa wa jambo hilo, chukua robo kilo ya unga wa mahindi: nayo ina kalori 900. Ugali alioukimbia mezani alikuwa anautafuna dukani. Na bado hatujahesabu karanga, ambazo kwa gramu 100 hubeba kalori 570 hivi. Konzi moja tu haipungui 170.

Simlaumu hata kidogo. Mkanganyiko wake ni wa watu wengi, na unatokana na sisi tunaotoa ushauri kusema "punguza wanga" kisha tukanyamaza, kana kwamba wanga ni kitu kimoja. Ukweli ni kwamba anayeuliza ale nini anauliza maswali matatu kwa pamoja, na majibu yake hayafanani. Swali la kwanza ni chakula hiki kinanipa kalori ngapi. La pili ni kitanishibisha kwa muda gani. La tatu ni kitapandisha sukari ya damu kwa kasi gani. Chakula kinaweza kufaulu swali moja kikashindwa jingine, na ushauri mwingi unaokinzana unatokea hapo: huyu anajibu swali la tatu, yule anajibu la kwanza, na wewe unadhani wanabishana.

Kabla sijayafungua, nieleze zile kilo mbili za wiki ya kwanza, maana zimewadanganya wengi. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli kwa umbo linaloitwa glaikojeni. Mtu mzima huwa na gramu 400 hadi 500 hivi za akiba hiyo, na kila gramu moja hushikilia takriban gramu 3 za maji. Ukiacha ugali na wali ghafla, mwili unaila akiba ile, na maji yaliyofungamana nayo yanatoka kwa mkojo. Mizani inashuka haraka, lakini mafuta ya tumboni hayajaguswa sana. Siku utakapokula wanga wa kutosha tena, akiba inajaa, maji yanarudi, na unaona umenenepa kwa usiku mmoja. Wifi alifurahia maji yakitoka na akalia maji yaliporudi. Laiti angeelezwa mapema, asingekata tamaa.

Sasa swali la kalori. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, sawa na ya protini. Gramu ya mafuta ina 9. Kwa hiyo wanga wenyewe si mzito kuliko vyakula vingine. Kinachobadilisha hesabu sahanini ni maji uliyopikia na mafuta uliyoongeza. Unga wa mahindi, mchele, unga wa mtama na unga wa muhogo, vyote vikiwa vikavu, vinakaribiana sana: kalori 340 hadi 370 katika gramu 100. Mtu anayehama kutoka ugali wa mahindi kwenda wa mtama akitegemea kalori zipungue atasubiri sana. Tofauti inaonekana baada ya kupika. Wali uliokunywa maji una kalori 130 hivi kwa gramu 100. Ugali, kutegemea mkono wa mpishi, huwa 110 ukiwa laini na karibu 150 ukiwa mgumu. Muhogo wa kuchemsha unacheza kwenye 150. Viazi mviringo vya kuchemsha ni 87 hivi, na viazi vitamu 80 hadi 90, kwa sababu sehemu kubwa ya kiazi ni maji kiliyoyatoa shambani.

Kisha tia mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120 hivi, yawe ya alizeti au mawese yanayoshuka na treni kutoka Kigoma. Viazi vile vile vya 87 vikizama kwenye karai la mafuta vikawa chipsi hufika 300. Chapati ya maji na chapati ya kusukuma zinatofautiana zaidi kwa mafuta yaliyopakwa kuliko kwa unga. Vitumbua, maandazi na mihogo ya kukaanga ya barabarani wanafuata mkondo huo huo. Lawama hutupiwa ngano au muhogo, na karai linaachwa.

Swali la shibe ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, kwa sababu anayepunguza mwili anashindwa na njaa kabla ya kushindwa na kitu kingine. Mwaka 1995, Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo chenye kalori sawa, wakawauliza kwa saa mbili wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ulipewa alama 100 uwe kigezo. Viazi mviringo vya kuchemsha vilipata 323, juu ya vyakula vyote, hata juu ya nyama na samaki. Chakula ambacho wengi hukiacha cha kwanza wanapoanza kupungua ndicho kilichoongoza kwa kushibisha! Sababu si ngumu: vina maji, vina uzito tumboni, vinachukua nafasi. Keki na vitafunwa vya siagi vilikuwa mkiani.

Ndiyo maana nasema kiazi kitamu nacho, kikichemshwa leo kikiwa na maji yake, ni rafiki wa mtu anayepungua, na kiazi hicho hicho kikikauka kinageuka chakula cha mtu mwingine. Sisemi matobolwa ni mabaya. Yaliundwa kwa kazi maalumu: kukaa ghalani bila kuoza, kubebeka, kumpa nguvu mkulima aliyeko kwenye tuta tangu alfajiri, kumtia mtoto mwili wakati wa njaa. Kubana nguvu nyingi mahali padogo ndiyo sifa yake. Anayekaa dukani kutwa hahitaji sifa hiyo. Mtoto aliyedhoofu anaihitaji sana, na sitaki mama yeyote asome makala haya kisha amnyime mwanawe matobolwa.

Wala hulazimiki kuyaacha. Maji yaliyotoka yanaweza kurudishwa. Michembe ikiloweshwa na kuchemshwa mpaka ilainike hunywa maji na kuvimba, na bakuli lile lile linakuwa na kalori chini sana kuliko la vikavu. Matobolwa nayo yanakubali. Shida ni mazoea yetu ya kuiponda karanga ndani ya sufuria kwa wingi hadi mchuzi uwe mzito. Karanga ni nzuri, ina protini na mafuta yenye faida, lakini kwa mtu wa mizani inapimwa kwa kijiko.

Hapa nije kwenye sembe na dona, maana sijawahi kukaa kwenye mazungumzo ya lishe Tabora swali hili lisitokee. Dona ni mahindi yaliyosagwa yote, na pumba lake na kiini chake. Sembe ni mahindi yaliyokobolewa kwanza: ganda limetolewa, kiini kimetolewa, umebaki wanga mweupe. Kwa kalori, dona na sembe ni mtu na pacha wake. Aliyebadili unga peke yake, sahani ikabaki ile ile, hatapungua. Faida ya dona iko kwenye swali la pili na la tatu. Gramu 100 za dona huwa na nyuzinyuzi gramu 7 hivi, na unga uliokobolewa huwa na karibu nusu ya hizo au pungufu. Nyuzinyuzi hazimeng'enywi kama wanga. Zinafanya tonge likae tumboni, zinachelewesha sukari kuingia damuni, na zinasaidia choo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyopikwa peke yake kinaleta zaidi ya gramu 10, kwa hiyo anayekula sembe kwa maharage anaweza kumzidi anayekula dona kwa nyama tupu.

Kuna jambo moja kuhusu dona ambalo wanaolisifu hulinyamazia. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hutengeneza sumukuvu, ambayo haionekani wala haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa kwenye ganda na kiini, yaani sehemu ambazo sembe huziacha mashineni na dona huzibeba. Kwa hiyo anayesaga dona achague mahindi yaliyokauka barabara, aondoe kwa mkono punje zilizovunjika, zilizooza na zilizobadilika rangi, na asage kidogo kidogo, wiki mbili mbili, kwa kuwa mafuta ya kiini huchacha unga ukikaa. Nikiona mahindi yana shaka, mimi binafsi hula sembe na kuongeza maharage, wala sijuti.

Mtama na uwele vinastahili sentensi chache. Kalori zake ni zile zile za mahindi, kama nilivyosema, lakini mara nyingi vinasagwa vizima, na ugali wake unaliwa polepole. Wazee wetu waliula kabla mahindi hayajatawala huku. Ukiupata, ule. Usiulipie bei ya dawa.

Swali la tatu, la sukari ya damu, lina uzito wa pekee kwa mwenye kisukari au aliyeambiwa anaelekea huko. Kasi ya kupanda kwa sukari haitegemei jina la chakula tu, inategemea pia kilivyopikwa. Kiazi kitamu cha kuchemsha hupandisha sukari taratibu kuliko kile kile kikichomwa kwenye majivu au kuokwa, kwa sababu joto kavu la muda mrefu hugeuza wanga wake mwingi kuwa sukari, ndiyo maana cha kuchoma ni kitamu zaidi. Uji mwembamba wa unga laini unaingia damuni haraka, na ukitiwa vijiko vinne vya chai vya sukari umeongeza kalori 60 ambazo hazishibishi. Kande, ambamo mahindi ni punje nzima na maharage yamo, inakwenda mwendo wa pole. Kula wanga pamoja na mboga za majani na samaki au maharage nako kunapunguza kasi, hata kama sahani ina ugali ule ule.

Na kiporo? Kuna maneno mengi kwamba ugali au wali uliolala unakondesha. Chembe ya ukweli imo. Wanga uliopikwa ukapoa hujipanga upya, na sehemu yake inakuwa ngumu kumeng'enywa, ikashuka hadi utumbo mpana kama nyuzinyuzi. Ukipashwa moto, sehemu ya mabadiliko hayo inabaki. Lakini ni sehemu ndogo. Ukikaanga kiporo kwa vijiko viwili vya mafuta umerudisha kalori nyingi kuliko ulizookoa. Pia wali wa kulala una hatari yake: kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka, na wali ukiachwa sufuriani jikoni usiku kucha, kwenye joto hili letu la Oktoba, wanazaliana na kutoa sumu inayotapisha. Kuupasha moto hakuiondoi. Wali wa kubaki utandazwe upoe upesi, uingie kwenye friji, kama friji haipo uliwe usiku ule ule.

Baada ya kusikia yote haya wifi aliniuliza swali la haki: je, si rahisi kuacha wanga kabisa, ukaepuka hesabu? Inawezekana, na wapo wanaopungua hivyo. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 609 kwa mwaka mzima. Kundi moja lilipunguza wanga, jingine lilipunguza mafuta, wote wakishauriwa kula mboga nyingi na kuacha sukari na unga uliokobolewa. Waliopunguza wanga walipoteza kwa wastani kilo 6, wale wa mafuta kilo 5.3, na watafiti wakaona tofauti hiyo si ya kutegemewa. Ndani ya kila kundi wapo walioshuka sana na wapo walioongezeka. Ninachokisoma hapo ni kwamba njia bora ni ile utakayoweza kuishi nayo, katika nyumba unayoishi. Tabora, ambako sufuria ni moja, ugali unaliwa na watu sita na nyama ni ya Jumapili, kuacha wanga kabisa ni kumtaka mtu anunue chakula chake peke yake kila siku. Wangapi wanaweza?

Kwa hiyo tulikubaliana ale ugali. Tukaanza na unga kabla haujaingia kwenye maji, kwa sababu ugali ukishaiva hakuna anayeujua uzito wake, na tonge la mtu mwenye njaa halina kipimo. Kwake wanakula watu wazima wanne na watoto wawili, na unga wa usiku ulikuwa kilo moja na robo. Tulipima fungu lake peke yake: gramu 100 za dona mchana na gramu 100 usiku, zinazojaa kikombe kimoja cha bati alichokuwa nacho. Ni kalori 360 kwa mlo. Nafasi iliyobaki sahanini ikajazwa matembele, mlenda usio na karanga nyingi, na maharage au dagaa. Siku ya viazi, viazi vya kuchemsha vitatu vya wastani vinasimama mahali pa ugali, haviongezwi pembeni yake. Sheria hiyo ya mwisho ndiyo iliyomsumbua, kwa kuwa sisi tumezoea viazi viliwe na chai halafu ugali usubiri.

Niongeze neno kwa wanaotumia dawa. Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari asipunguze wanga ghafla kabla hajamwambia anayemtibu, maana dawa iliyopimwa kwa sahani ya zamani inaweza kushusha sukari kupita kiasi akaanguka. Mjamzito, anayenyonyesha na anayetibiwa kifua kikuu, huu si wakati wao wa kupunguza mwili.

Wifi ameshuka kilo 5 kwa miezi saba. Ni polepole, na kuna mwezi mizani haikusogea kabisa, lakini wiki ya sherehe ya mdogo wake alikula pilau na mwezi uliofuata aliendelea alipoishia. Juni hii alikwenda Sikonge kumsaidia mama yake kuvuna, akarudi na gunia la viazi. Nusu aliyaanika matobolwa kwa ajili ya watoto na wageni. Nusu nyingine alivifukia kwenye shimo lenye majivu nyuma ya nyumba, vikae vibichi, na kila jioni anafukua vitatu.